Naomba Mturudishie Matangazo

Kwa Meneja wa Vipindi,
Televisheni ya Kulipia.

Ndugu Meneja,

Kuhusu: Filamu na tamthilia zenu kuwa nzuri kupita kiasi

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mitambo yako. Mimi ni mteja wenu halali. Nimelipa, na picha kwangu haikatiki wala haigandi. Hapo ndipo matatizo yangu yanapoanzia.

Kazi yangu ni kuandika habari za mahakamani, na nimeifanya tangu enzi za taipureta. Nyumbani kwangu kulikuwa na utaratibu. Jioni tukishakaa mezani, mke wangu, ambaye ni muuguzi, aliuliza: "Haya, leo mahakamani kumetokea nini?" Nami nikasimulia. Binti yetu alisahau kutafuna. Shangazi yangu, tunayeishi naye, alitoa hukumu kabla ya hakimu. Ndugu Meneja, sina kingine katika nyumba ile. Ramani ya nyumba aliichora mke wangu, bustani ni ya shangazi, na paka anamtambua binti peke yake. Langu lilikuwa swali lile tu. Tangu dishi lenu lipande juu ya paa, halijaulizwa tena. Nataka liulizwe. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Mmeondoa matangazo. Siku ya kwanza nilirudi na habari ambayo mwandishi huipata mara moja maishani: mtu ameiba mlango wa kituo cha polisi, na polisi hawakugundua mpaka mvua ilipoanza kuingia ndani. Nilifungua mdomo. Binti akanyoosha kidole bila kugeuza shingo: "Baba, subiri tangazo." Nikasubiri, kusubiri ni nusu ya kazi yangu. Filamu ikaenda mpaka ikaisha, majina ya wapishi na madereva wao yakapita, ikaanza nyingine. Ndipo nilipong'amua kwamba kwenye chaneli zenu halipo tangazo la sabuni wala la rangi ya nyumba. Tangazo lilikuwa nafasi pekee aliyobakiwa nayo baba mwenye nyumba kusema neno. Mmeifuta, na mnaita huduma bora. Mlango ule sijausimulia hadi leo.

2. Vipindi vyenu vina maana. Nilipomwona fundi wenu anapanda ngazi nilijipa moyo kwamba tutaletewa magari ya kuungua na watu wa kurukaruka, vitu ambavyo mtu anaweza kuvipigia soga bila yeyote kupoteza chochote. Badala yake mmeleta filamu za watu wanaofikiri. Juzi ilikuwepo ya mama mmoja anayefunga duka lake la vitambaa. Hakuna aliyepigwa risasi. Mama anakunja vitambaa, anaangalia rafu tupu, anazima taa, basi. Shangazi, ambaye huongea hata akipiga mswaki, alinyamaza toka mwanzo hadi mwisho. Kisha akasema, "Mh." Nami nikasema "Mh" kabla sijajizuia.

3. Mmenishindanisha na mahakama isiyoahirisha kesi. Nasema ile tamthilia ya Alhamisi, ya wakili mwanamke anayemtetea kaka yake. Mle ndani shahidi akiitwa, anakuja. Jalada halipotei. Hakimu haumwi jino. Mimi nina kesi ya shamba ambayo mlalamikaji wake wa kwanza alishafariki na wa pili ameanza kukohoa. Nilipojaribu kuisimulia, shangazi aliniuliza kwa huruma, "Mwanangu, kwani hiyo ya kwako haina mwisho? Na huyo mshtakiwa hana hata mpenzi?" Niliandika jibu, lakini sikulitoa.

4. Mmetuletea msiba. Katika tamthilia hiyo hiyo alikuwepo wakili mzee, ambaye nyumbani tulimwita Babu Miwani. Mlipomuua, mke wangu alimpigia simu mwenzake wa wodini kumwomba ambadilishie zamu, akasema, "Babu ametutoka." Shangazi alikuwa analia karibu na dirisha. Mtaa wetu ni mwepesi wa miguu. Kabla chai haijachemka, fundi cherehani wa jirani alikuwa ameshaingiza mabenchi, wauguzi wamefika wakiwa na sare zao, na mhariri wangu ameniagiza nisikanyage ofisini. Mimi niliyezoea kuthibitisha habari nilisimama nikawaeleza waombolezaji ukweli: marehemu ni mwigizaji, na kwa kadiri ninavyojua ni mzima wa afya. Halafu fundi cherehani akauliza, "Sasa yule wakili wa kike, kesi atasaidiwa na nani?" Wakakaa kuangalia. Mabenchi hayajaondoka tangu siku hiyo. Fundi cherehani hukalia kiti changu, na mimi nikipita kwenda jikoni hunikumbusha kwa heshima zote: "Mzee, wewe si kioo."

5. Mmeingia hadi kazini kwangu. Nikajisemea, dawa ya moto ni moto. Nikaandika habari ya mwizi wa mabomba nikaishia pale hakimu alipovaa miwani asome hukumu. "Je, atasema nini?" Mhariri aliniita. "Bwana mkubwa, hukumu imetoka asubuhi. Mtu kafungwa. Msomaji asubiri nini, rufaa?" Niliyameza hayo. Lakini wiki iliyopita, mshtakiwa aliyegonga kibanda cha mlinzi kwa gari aliomba kujitetea, akatoa hotuba juu ya haki iliyowafanya hata askari magereza wavue kofia. Hakimu akamuuliza ameyatoa wapi maneno hayo. "Sehemu ya saba, mheshimiwa." Akataka kueleza zaidi, lakini hakimu aligonga meza na kumwamuru anyamaze papo hapo, kwa sababu yeye alikuwa bado yuko sehemu ya tano. Kesi ikaahirishwa. Karani amenidokeza kuwa itasikilizwa hakimu akishamaliza.

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, sitaki mrudishe fedha wala mshushe dishi. Ninaomba mambo madogo. Mturudishie matangazo, marefu, ikiwezekana ya saruji. Wakati wa chakula cha jioni mweke filamu moja mbovu kabisa, yenye jambazi anayecheka peke yake. Kesi ya yule kaka iahirishwe kwa sababu mkalimani hakufika. Na mkiona haya yote ni mazito, basi mtume mtu wenu mwenye suti aje nyumbani kwangu, asimame mbele ya ile runinga, awaambie watu wangu kwa niaba ya kampuni: "Muulizeni mzee habari za mlango."

Nisalimie watangazaji wako wote, mafundi wanaopanda minara wakati wa upepo, walinzi wa getini, na yule binti wa huduma kwa wateja ambaye huniambia simu yangu ni ya thamani kisha akaniwekea muziki. Familia yangu nayo ingewasalimu, ila haijui kama naandika; imenipa mgongo.

Ni mimi mteja wenu mtiifu,
Mwandishi wa habari za mahakamani,
benchi la mwisho, karibu na mlango wa jikoni.

Nyongeza: Barua hii ilikaa siku mbili bila bahasha, na ni heri. Jana, Alhamisi, mtaa mzima ulikwenda harusini, mke wangu, binti, shangazi na wa mabenchi wote. Niliachwa na kazi moja: niangalie sehemu mpya ya wakili, wakirudi niwape habari zake. Nikamwambia mke wangu kuna marudio. Akasema, "Marudio ya nini na wewe upo?" Walirudi, wakazima runinga wenyewe, wakakaa. Nilisimulia hadi mke wangu akasahau kuvua viatu vya harusi. Fundi cherehani alisema "Rudia hapo" mara kadhaa.

Kwa hiyo yote niliyoyaandika hapo juu nayaondoa. Msiguse kitu. Ila nina ombi jipya, nalo ni la haraka. Saa ile nilikuwa nimeipa runinga kisogo, narekebisha lalamiko la tano, na sikuona hata picha moja. Nimewaambia kwamba wakili amejiuzulu, kaka yake ametoroka kwa gari la mkate, na hakimu ndiye baba yao mzazi. Tafadhali futeni marudio ya sehemu hiyo, na mwambieni mtungaji anipigie simu kabla ya Alhamisi ijayo. Wanataka kujua hakimu atafanya nini, na mimi bado sijui nimpeleke wapi.