Shamba la Loisi Lililolimwa Mara Tisa

Baraza la Akida, Chikoje,
Jumamosi, tarehe 19 Agosti 1911.

Kwa Bwana Shauri Mheshimiwa,
Boma la Dodoma.

Bwana Mkubwa,

Nakuamkia kwa heshima zote nikiwa nimesimama, kwa kuwa kiti cha karani kimewekewa mtungi. Mimi ni Sila mwana wa Chilewa, karani wa Akida Msafiri wa hapa Chikoje. Nilisoma shule ya misheni miaka sita, na sasa nina miezi minne kazini. Akida ameniamuru nikuletee mashtaka juu ya mwanamke mmoja mpika pombe, Loisi, ambaye anashindana na Akida katika biashara bila haki. Ameniambia niandike kila kitu kama kilivyo, nisiache hata kimoja, la sivyo nitapigwa viboko hamsa ishirini kabla barua haijafika kwako. Kwa hiyo nimeandika kila kitu kama kilivyo.

Nisikufiche jambo, Bwana. Loisi ni shangazi yangu. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na kalamu ya kwanza niliyoishika aliinunua yeye kwa pombe. Lakini Akida amenikumbusha kwamba karani hana shangazi saa za kazi. Anaomba Alhamisi ijayo, utakapokuja hapa kusikiliza mashauri, Loisi afungwe mnyororo, mitungi yake sita ivunjwe, na shamba lake lililo kando ya reli apewe Akida ajenge ghala ya pombe. Shamba lenyewe ni hatua thelathini kwa ishirini. Ndilo pekee alilo nalo.

Mashtaka ni haya:

1. Kuhusu kuonja. Boma liliagiza pombe ionjwe kabla ya kuuzwa, ili wafanyakazi wa reli wasiugue matumbo. Akida alitii agizo hilo kuliko lilivyoandikwa. Mwanzoni alipokea kata moja kutoka kila mtungi. Baadaye akaona kwamba kata moja haimwambii mtu lolote kuhusu pombe ya katikati, wala ile ya chini, akaagiza uletwe mtungi mzima. Tena pombe iliyokwisha kuonjwa hairudishwi kwa mwenyewe, asije akaiharibu njiani. Watu wa Akida huipeleka kambi ya reli na kuiuza huko, ili isipotee bure.

Wapika pombe wa Chikoje walikuwa kumi na wawili. Mmoja wao, Mwamvua, aliuliza wao wanabakiwa na nini. Akida akamjibu kwa upole kwamba wanabakiwa na machicha, wafuge kuku. Tangu siku hiyo wanawake kumi na mmoja wameacha kupika. Akida hukaa barazani tangu asubuhi, kata mkononi, tayari kuonja, na hakuna aletaye kitu. Anakuomba uone jinsi uvivu wa wanawake unavyoua biashara ya mtu mwenye bidii.

2. Kuhusu kunywa kwanza. Huenda Bwana hujaambiwa desturi ya huku kwetu. Aliyepika pombe hunywa kwanza mbele ya mgeni, ndipo mgeni naye anywe, akijua hamna neno ndani. Watu wa Akida walipofikisha mitungi kambini, mnyapara wa kambi, Mzee Yotham, aliuliza, “Aliyepika yuko wapi? Na anywe kwanza tumwone.” Akida hakupika, na zaidi ya hapo pombe haiwezi kugusa midomo yake kwa sababu ya tumbo. Basi kazi ya kunywa kwanza akaongezewa karani.

Nilimweleza kwamba nilimwahidi mwalimu wangu wa misheni kutoonja pombe maisha yangu yote. Akida akasema kunywa kwa amri ya serikali si kunywa. Jumamosi iliyopita ilikuwa mitungi tisa. Bwana akitazama barua yangu ya siku hiyo, ile ambayo mistari yake inapanda mlima kisha inashuka, asidhani ni dharau. Wala haikusaidia. Mzee Yotham alinitazama toka mtungi wa kwanza hadi wa tisa, akawageukia wenzake akasema, “Mpishi gani huyu mwenye kalamu sikioni?” Wakaondoka wote. Mimi sikuweza kuondoka, nikabebwa.

3. Kuhusu ladha. Wanawake walipoacha kupika, Akida aliona huruma juu ya wafanyakazi, akaiongeza pombe iliyobaki kwa maji ya tangi la gari moshi ili iwatoshe wote. Ameiongeza mara nne. Wafanyakazi wanasema sasa ina ladha ya msumari, na kwamba wakiinywa wanasikia hamu ya kupiga honi. Wakati huo huo pombe ya Loisi ni ya uwele mtupu, imechachuka kwa siku zake, ina povu. Hapo ndipo dhuluma yenyewe ilipo. Haiwezekani mjane mmoja awe na pombe nzuri na Akida, anayemzidi cheo, awe na mbaya. Akida anaomba itungwe sheria kwamba pombe ya mtu yeyote isizidi ubora wa pombe ya Akida. Nilimuuliza sheria hiyo itapimwa kwa nini. Akasema kwa karani.

4. Kuhusu kulima, na hili ndilo shtaka kubwa. Loisi hauzi pombe. Akida alikwenda kwake mwanzo wa mwezi huu akiwa na askari, nami nikiwa nyuma na daftari. Shangazi alikuwa ameketi kando ya shamba, mtungi pembeni, na watu kumi wa kambi wamejipanga mbele yake.

“Mbukwa, Akida,” akamwamkia kwa Kigogo. “Siuzi kitu. Nimealika watu wanilimie.”

“Walime mwezi wa nane? Mvua ya nani?”

“Ikija mapema nisikutwe, baba.”

Bwana, mimi ndiye niliyetakiwa kusema kama ni kosa, na sikupata mahali palipoandikwa. Anayealika watu kulima huwapa pombe, ndivyo ilivyo tangu mababu, na hahitaji kibali kwa sababu hakuna anayeuza. Jembe liko moja. Kila mtu hulishika, hupiga pigo moja, humpa wa nyuma yake, kisha huketi. Shangazi hunywa kwanza mbele yao, nao hunywa mpaka jioni. Wakiondoka kuna kapu mlangoni. Huyu huacha chumvi, yule huacha hela, mwingine huacha kuku. Hakuna aliyeombwa. Shangazi husema ni watu wenye malezi mema.

Tangu siku ile shamba hilo limelimwa mara tisa. Udongo umekuwa laini mno. Juzi mbuzi wa Akida alikatiza akazama mpaka magoti, ikabidi watu wanne wamtoe, nao kwa kuwa walikuwa wameshika jembe kumchimbua, walipewa pombe.

Akida hakukaa kimya. Naye alialika watu kulima shamba lake. Walikuja watatu. Walilima kutwa nzima kwa bidii, wakaletewa pombe ya Akida, wakaitazama, wakaomba walipwe mshahara.

5. Kuhusu adhabu. Akida anaomba iamuliwe kwamba kila mtu aliyeshika jembe katika shamba la Loisi mwezi huu ahesabiwe kuwa amenunua pombe bila kibali, naye afungwe mnyororo miezi mitatu pamoja na mwenye shamba, bila kujali cheo, kabila wala tumbo. Maneno hayo ya mwisho ni ya Akida mwenyewe. Nilimuuliza mara mbili kama niandike “bila kujali cheo.” Akasema, “Andika. Nataka Bwana aone sina upendeleo.”

Kwa amri yake nimekuwa nikiketi kando ya shamba kila alasiri na kuandika majina. Orodha nimeiambatanisha. Mpaka jana walikuwa arobaini, wa kwanza akiwa Mzee Yotham. Mimi nilishika mpini siku moja ili kuusogeza nipate mahali pa kuketi, na naomba mwongozo wako.

6. Kuhusu majembe yote. Akida ametafakari, akaona ubaya hauko kwenye pombe, uko kwenye jembe. Anaomba majembe yote ya Chikoje yaletwe barazani yakaguliwe, na yakishakaguliwa yasirudishwe kwa wenyewe, wasije wakayaharibu njiani. Nilithubutu kumuuliza watu watalimaje mvua zikinyesha. Akasema wasipolima hawatavuna uwele, wasipovuna uwele hawatapika pombe, na hapo biashara itakuwa ya haki kwa kila mtu.

Hayo ndiyo mashtaka, Bwana. Ruhusa yangu ya kuandika inaishia hapo, ila naomba niongeze machache yangu. Naogopa sana. Nikiandika vibaya napigwa viboko, na nikiandika vizuri shangazi yangu anakwenda na mnyororo shingoni akiniona nimeshika kalamu ile ile aliyoninunulia. Yeye hajanilaumu. Jana alinitazama nikiandika majina, akaniletea kigoda, akasema, “Kaa vizuri mwanangu, mwandiko usipinde.” Sijui nifanye nini na kigoda hicho. Nimekiorodhesha kama kielelezo.

Nakuombea safari njema ya kuja. Wasalimie askari wa lango, mpishi wako, karani mkuu ambaye bado ana wino wangu, na nyumbu aliyeniuma mwezi wa sita. Sina kinyongo naye. Watu wote wa Chikoje wanakusalimu, walio kwenye orodha na wasio kwenye orodha.

Ni mimi mtumishi wako, ninayetetemeka kidogo,
Sila mwana wa Chilewa,
Karani.

Nyongeza. Nilikuwa nimekwisha kukunja barua hii Akida aliposema niongeze kwamba ameyaona yote kwa macho yake. Kwa kuwa hakuwa ameyaona, tulikwenda alasiri ya leo ayaone. Wafanyakazi wote walikuwapo. Shangazi alimwambia, “Mbukwa, Akida, karibu. Hapa hatuna mahali pa mtu wa kutazama tu. Jembe lile pale.”

Akida alisema hakuja kulima, amekuja kuonja, ni kazi yake. Shangazi akamjibu kwamba kinachoonjwa ni kinachouzwa, na hiki hakiuzwi, ni cha wakulima. Povu lilikuwa limefika mdomoni mwa mtungi. Akida alilitazama kwa muda mrefu. Kisha alivua kanzu, akamkabidhi askari, akashika jembe. Wengine hupiga pigo moja, Bwana. Yeye alilima kutoka mpakani mpaka kwenye mashimo ya mbuzi wake. Shangazi akanywa kwanza, akampa. Aliionja ya juu, akaionja ya katikati, na kwa kuwa kata moja haimwambii mtu lolote, akaionja mpaka ya chini kabisa. Tumbo halikumsumbua.

Aliniamuru nisiache hata jina moja, nami sikuacha. Wa arobaini na moja: Akida Msafiri, amelima mstari mmoja na nusu. Baadaye aligonga muhuri wake kwenye barua na orodha bila kuuliza kitu. Alama ya udongo iliyo pembeni ni dole gumba lake.

Kwa hiyo naomba namba tano uisome tena polepole kabla ya Alhamisi. Kama utaona inafaa kuleta minyororo, basi ni arobaini na mmoja bila wa shangazi, na wa mwisho uwe mpana. Shangazi anasema nawe umekaribishwa siku hiyo, na atakunywa kwanza mbele yako. Upande wa reli bado kuna nafasi ya kulima. Jembe ni lile lile moja.