Sanduku la Kengele la Bi Chausiku

Ting. Kimya. Ting, ting.

Umeme ulikuwa umekatika Kipawa nzima tangu magharibi, na Hija alikuwa ameinama nyuma ya friji la mzee Marselino, tochi ya simu mkononi, akilihurumia. Kuhurumia ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mstaafu akianza kufikiria kurudi kwao, au kuhamia nyumba ndogo, Hija alitokea kama malaika wa zamu kumsaidia kupunguza vitu. Na alivipunguza kweli.

"Mzee wangu, hili limekufa," alikuwa akisema kwa sauti ya msibani. "Ukilipeleka Songea utakuwa umesafirisha maiti. Niachie mie nikalizike."

"Lakini jana tu limegandisha maji."

"Ndiyo dalili yenyewe, mzee. Mgonjwa akikaribia hupata nguvu."

Ndipo sauti ile ikavuka ukuta wa jirani, ndogo, safi, ya chuma. Ting. Hija akalisahau friji. Mtu mwingine angesikia kengele. Hija alisikia kufuli. Alisikia yale masanduku ya kale ya pwani, yaliyopigwa njumu za shaba, ambayo ukizungusha ufunguo hulia ili mwenyewe ajue nani anagusa mali yake.

Wiki hiyohiyo sista Noela, anayepamba hoteli za ufukweni, alikuwa amemwambia, "Hija, nimechoka na takataka zako. Niletee sanduku moja la kengele, la kweli, nikupe ajira ya kudumu. Ukiniletea tena kabati la mchwa, namba yangu ifute." Tangu hapo kila nyumba aliyoingia, ya mzee Marselino ikiwemo, aliulizia sanduku la kengele. Ajira ya kudumu! Mkewe, Hamida, alishachoka kuolewa na ulimi. Alitaka mume mwenye kazi inayotajika mbele za watu.

"Hapo jirani anakaa nani?" Hija aliuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa.

"Bi Chausiku. Mkunga mstaafu. Nyumba kubwa anaipangisha, mwenyewe anahamia chumba cha uani. Mzaramo wa Kisarawe huyo, ana maneno!"

Hija naye alikuwa Mzaramo, wa Mbagala, ila hiyo ilikuwa siri ya familia na haikuwa na haraka ya kujulikana. Mzaramo mwenziwe angemhoji ukoo mpaka jioni. Lakini Mnyamwezi? Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu. Wanatukanana bila kugombana, wanachukuliana vitu bila kushtakiana, na anayenuna ndiye mwenye makosa. Tapeli gani angeomba sheria nzuri kuliko hiyo?

Asubuhi kirikuu ya Kasiani, dereva wa kukodi, ilisimama mlangoni kwa Bi Chausiku, friji la mzee Marselino likiwa tayari mgongoni.

"Hodi, mtani! Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtani wa wapi wewe?"

"Tabora. Mnyamwezi wa damu. Naitwa Hija."

"Mh! Mnyamwezi Hija."

"Tabora tuliswali zamani, bibi, nyie mkiwa ngomani."

Bi Chausiku alicheka mpaka miwani ikateleza. Mjukuu wake, Munira, aliyekuwa akizunguka madumu ya maji kwa baiskeli iliyobaki usukani na magurudumu tu, alisimama akamkodolea macho mgeni. Hija akampa pipi. Hakuna mlango usiofunguliwa na pipi, ndivyo alivyoamini.

"Nasikia unahama, bibi."

"Nahama, lakini vitu havihami. Watoto wangu wote wana kwao, na wote stoo yao ni hapa kwangu. Nikisema njooni mchukue, 'Tunakuja Jumamosi, mama.' Jumamosi ipi, Mungu ajua. Na wapangaji wanaingia kesho. Wakikuta haya makorokoro wanakwenda nyumba nyingine, nami nabaki na nyumba ya kufagia na pensheni ya kununulia ufagio."

"Vitu ni mzigo wa moyo, bibi," alisema Hija, mkono kifuani. "Mie nakuondolea. Bure. Kwa utani."

Akachungulia stoo. Kule mwisho kabisa, chini ya magodoro, palichomoza pembe ya sanduku yenye vichwa vya misumari vinavyong'aa manjano. Haraka akageuza uso na kuanza kuisifia blenda iliyovunjika. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake kazini: unachokitaka hukitazami mara mbili.

"Natoa vyote," alisema. "Hata lile boksi bovu kule nyuma. Lina wadudu lile."

"La marehemu mume wangu!"

"Wadudu hawajui marehemu, bibi."

Bi Chausiku akashusha pumzi ndefu. "Haya, beba. Si ninyi Wanyamwezi mlikuwa wapagazi? Mlitembea kutoka huko mpaka pwani na meno ya tembo mabegani. Hapa ni stoo na gari tu."

Hija akabeba. Alibeba televisheni za chogo, tenki lililopasuka, jenereta lisilowaka na sinki la choo. Alibeba mifuko ya saruji iliyoganda tangu mtoto wa kwanza alipoahidi kujenga. Kasiani alikuwa amelaza miguu juu ya dashibodi.

"Njoo unisaidie, braza!"

"Mie umenikodi usukani. Hukunikodi mgongo."

Kila Hija aliposimama kuhema, sauti ilitoka barazani, "Mnyamwezi gani anachoka? Au wewe Mzaramo mwenzangu?" Naye akajikaza. Stoo ilipokaribia kwisha, aliombwa asogeze na kitanda cha bibi mpaka uani, kwa kuwa mikono ilishachafuka hata hivyo. Akasogeza. Makochi ya Shamimu, binti wa mwisho, hayakuenea garini.

"Yaache barazani," alisema Bi Chausiku. "Tutayatafutia mtu."

Hatimaye likatoka sanduku, zito kama gunia la chumvi. Hija alipoinama alinyanyue tena, Bi Chausiku akaja akalikalia, akakunja kanga, akanyoosha miguu.

"Hili likombolewe."

"Bibi, tena?"

"Si msibani mtani hulala kaburini mpaka akombolewe kwa kitu? Nami nimelala hapa. Nipe kitu."

"Nikuletee soda?"

"Nina sukari. Nipe lile friji."

"Limekufa lile, bibi!"

"Ndiyo, habari za msiba nimezipata. Nitalizika mie."

Mtu mwenye akili zake angejiuliza alizipatia wapi. Lakini akili za Hija zilikuwa ufukweni, kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Friji likashushwa. Bi Chausiku akafungua fundo la kanga, akatoa ufunguo.

"Usilifungue hapa, mwanangu. Nitalia."

Hija hakuwa na nia hiyo. Kiu ya kulifungua aliivumilia mpaka mataa ya Tazara, gari liliposimama, akaruka nyuma na kuuzungusha ufunguo. Kimya. Akauzungusha tena, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Hata mlio wa panya haukutoka. Juani aliona vizuri sasa. Mbao ilikuwa plaiwudi, na njumu zilikuwa misumari ya makochi iliyopakwa rangi. Ndani kulikuwa na mfuko wa saruji, umeganda.

"Braza," Kasiani aliita kutoka mbele, "haya mazagazaga nayashusha kwako Temeke? Maana dampo hawapokei bure."

Hija alikiona chumba chake kimoja. Akamwona Hamida, akaliona na sinki la choo katikati yao.

"Geuza gari."

Uani kwa Bi Chausiku kulishafagiwa. Friji lilikuwa limechomekwa kwenye umeme, linanguruma kwa afya njema, na mzee Marselino ameketi pembeni yake na glasi mkononi.

"Karibu maji, mtani," alisema Bi Chausiku. "Ya maiti, lakini yamepoa."

"Bibi, sanduku halilii!"

"Kwani mie nilikwambia linalia?"

Mzee Marselino aliichunguza glasi yake kwa makini.

"Ukuta wenyewe mfupi," bibi aliendelea kwa upole, "na jana mlipanga mazishi kwa sauti kubwa."

"Umenitapeli!"

"Ala! Mtani ananuna? Mnyamwezi hamnunii Mzaramo. Labda sasa uniambie kabila lako."

Hija akapiga hesabu. Akiwa Mnyamwezi, hana ruhusa ya kukasirika. Akiwa Mzaramo, ni mwongo mbele ya bibi wa kabila lake. Akapokea maji, akanywa. Yalikuwa baridi mpaka meno yakauma.

Munira alitoka ndani, akajibana mapajani kwa bibi yake. Mkononi alikuwa na kengele ya baiskeli, akiifuta kwa pindo la gauni, polepole, mpaka ikang'aa. Akayatazama makochi barazani, kisha akainua uso.

"Bibi, umeme ukikatika leo, niipige tena?"