Mshahara Wenye Pembe

Jumatatu, 1 Juni
Nimepata! Nimepata wazo! Fainali ya mkoa ni Jumapili, na sanduku la klabu, ambayo mweka hazina wake ni mimi Felisiani, lina buibui tu. Kipa wetu Kashinje na mshambuliaji wetu Issa wamesema bila mshahara hawachezi. Halafu Cletus, mweka hazina wa Kabungu, wapinzani wetu wa fainali, anapita sokoni akitamba kwamba kwao wachezaji wanalipwa taslimu. Mdomo tu!

Sasa, nani hapa Mpanda anakataa ng'ombe? Zizini kuna mtamba mweusi, paji jeupe. Ni wa mke wangu Scola, kweli. Lakini Scola yuko Karema ananunua samaki wa migebuka, harudi mpaka Jumamosi. Tukipanda daraja wafadhili watamiminika, nitawalipa vijana pesa, mtamba atabaki pale pale. Kichwa hiki jamani!

Jumanne, 2 Juni
Kashinje kakubali! Msukuma yule kakulia machungani. Kamzunguka mtamba, kampapasa nundu, kampa na jina: Milembe. Nikamwambia amwache kwangu mpaka ligi iishe, wezi wengi. Akaona nina busara.

Tatizo, Issa naye kasikia, anataka wake. Mtamba wa pili sina. Nina kopo la kiwi nyeusi.

Alhamisi, 4 Juni
Paji jeupe kwisha! Mtamba kang'aa kuliko viatu vyangu vya kanisani. Issa ni mtoto wa ziwani, anajua dagaa. Ng'ombe anamjua kwenye supu. Kafurahi mpaka kanikumbatia. Wawili kwa mmoja! Nimekutana na Cletus, nikamwambia sisi tunalipa kwa mifugo. Kaniuliza mara tatu kama nasema kweli.

Ijumaa, 5 Juni
Balaa! Issa kamleta mtaalamu amkagulie mshahara wake. Mtaalamu gani? Kashinje!

Hata paji hakuliangalia. Alimwona mtamba akitembea tu, akasema huyu ni Milembe. Nikaapa kwamba ni dada yake, wamefanana. Akaniuliza, nyie watu wa mjini mnadhani ng'ombe anajulikana kwa rangi peke yake? Akapitisha kiganja pajini, akanusa, akampa Issa naye anuse. Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Wamesema mechi hawachezi, na kesho wanakuja na kamba, wamchukue wamuuze wagawane.

Jumamosi, 6 Juni
Scola karudi alfajiri, hata jioni hakungoja! Kawakuta vijana zizini na kamba yao. Nikawahi kusema ni wageni wamekuja kusalimia. Kashinje akamwamkia mama shikamoo, kisha kwa adabu zote akaeleza kila kitu, na kiwi akaitaja.

Scola hakufoka. Ningefurahi angefoka! Kaingia ndani, katoka na ufunguo wa pikipiki yangu, kawapa. Kasema huo ndio mshahara wao, mtamba wake haguswi, na kesho wakacheze mpira. Pikipiki yangu! Tairi mpya! Imeondoka nikiiangalia, Issa kakaa nyuma anapunga mkono.

Wakati wa kuondoka Kashinje alimpongeza Scola. Eti mtamba ana mimba. Sikuwa na nguvu ya kupongeza mtu.

Jumapili, 7 Juni
TUMESHINDA! Moja bila! Kashinje kadaka penalti, Issa kafunga dakika za majeruhi! Nimelia mbele za watu, sijali. Cletus kaondoka bila kuaga. Tumepanda daraja!

Wafadhili bado hawajamiminika. Lakini daraja jipya linataka watu wapya, na mimi silali. Pale pale uwanjani nimeongea na winga mmoja hatari wa Ugalla. Nimemwahidi ndama aliye tumboni. Kakubali! Baadaye nikaongea na beki wa Inyonga, jitu la miraba minne. Naye kampenda sana ndama huyo huyo.

Hawafahamiani kabisa! Scola nitamwambia mtamba akishazaa.