Mikebe Iliyotulaza Chini Msibani

Leo nimejiaibisha mbele ya jeneza la rafiki yangu.

Ndugu zangu wa Sakania, msiulize kama tuko salama. Tuko hai, basi. Vita imeingia mjini Elisabethville, na juzi risasi iliyopotea njia ilimpata Papa Mwamba, seremala, jirani yangu hapa mtaani kwetu, mtaa uitwao Kenya. Alikuwa anachota maji.

Mnaijua sanamu yangu ya upepo. (Asiyeijua asione haya, nitamweleza taratibu. Ni mlingoti unaopita paa, wenye mabawa manne ya bati na wanawake watano wa bati, wekundu, wa njano na wa buluu, wanaocheza upepo ukivuma. Viuno vyao ni mikebe ya maziwa. Ndani ya mikebe kuna vizibo vya bia. Ndiyo ngoma yao.) Gurudumu linalozungusha yote hayo alilichonga marehemu mwenyewe.

Jana mjane wake, Mama Ngalula, aliniomba jambo moja tu.

"Baba Kabwe, mpaka tumuzike, hapana ngoma. Kintu yako ile ya upepo inyamaze."

"Itanyamaza, Mama. Naapa."

Mabawa hufungwa kwa kamba. Kamba sikuwa nayo, na maduka yamefungwa. Nikakata mpira wa ndani wa baiskeli, nikafunga kwa huo. (Mnaojifunza kazi hii, shikeni hili: mpira si kamba. Kamba huzuia. Mpira huweka akiba ya hasira.)

Leo asubuhi bunduki zilinyamaza. Tuliambiwa tuna mpaka saa sita mchana tuwe tumeshazika. Katekista akasali uani kwa marehemu, jirani na mlingoti wangu. Wabebaji sita wakainama kushika jeneza.

Upepo ukaja.

Nikafumbua jicho moja. Bawa likazunguka kidogo, mpira ukavutika, bawa likarudi. Likaenda tena, likarudi. Nikasali kuliko katekista.

Pa! Mpira ukakatika.

Ta-ta-ta-ta-ta-ta-ta!

"Banapiga! Lala chini!"

Uwanja mzima ukalala. Katekista akaingia chini ya meza ya jeneza. (Miguu ilibaki nje.) Wabebaji wakaruka ua kama mbuzi. Mama Ngalula yeye hakulala chini. Alijilaza juu ya jeneza, amkinge mumewe na risasi.

Nikabaki nimesimama peke yangu. Mimi tu nilijua.

"Mama," nikasema, "haiko bunduki. Iko... iko kintu yangu."

Mzee mmoja akainua kichwa, vumbi mdomoni.

"Wewe fundi! Bantu bazima tunakula vumbi sababu ya mikebe?"

Nikakimbilia ngazi. Nikapanda na suruali yangu ya msiba. (Ilipasuka. Nyuma.) Nikajaribu kulishika gurudumu, wapi! Marehemu alilichonga vizuri mno, halitaki kusimama. Mwanamke mwekundu akanizaba kofi. Wa buluu akafuata. Nikamkumbatia wa njano, tukaanguka wote wawili na mlingoti wetu, mbele ya wafiwa.

Hapo ndipo kimya kiliporudi. Wabebaji, hapana. Walirudi wawili tu, na saa sita inakaribia.

"Nani atashika?" Sauti ilitoka chini ya meza.

"Wewe na mimi, Katekista. Toka."

Nilishika mbele. Mnajua ufupi wangu. Jeneza liliniegemea njia nzima, na suruali wazi kwa nyuma, na hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Tulimzika zikiwa zimebaki dakika chache.

Jioni Mama Ngalula alikuja uani kwangu. Akaiangalia ile sanamu chini, akaligusa gurudumu kwa kidole. Likazunguka.

"Haikuvunjika?"

"Hapana, Mama."

"Basi kesho uiinue. Lakini mikebe, toa."

Nimeshaitoa yote. Sasa, ndugu zangu, nawaomba msinicheke. Na mkishindwa, chekeni polepole: huku kwetu kitu chochote kikilia, watu wanalala chini.