Asiye na Kazi Kuliko Wote Wilaya ya Same

Jumatatu, 2 Juni

Nimerudi kutoka Same mjini nikiwa mtu mpya! Mwezi uliopita shamba la mkonge lilipunguza wafanyakazi, likanipunguza na mimi, mtunza stoo wao. Wenzangu walilia. Mimi niliuliza haki zangu. Kumbe lipo fao la kukosa ajira: theluthi ya mshahara kwa miezi sita, bila kuinua hata kijiko. Dada wa Mfuko wa hifadhi ya jamii, Husna, amepokea fomu zangu. Imebaki barua ya kijiji ya kuthibitisha kwamba sina kazi. Akanionya kuwa nikipata kazi, fao linakatwa. Dada, umekutana na Melkizedeki. Sitapata kazi.

Jumanne, 3 Juni

Nimeanza rasmi kutokuwa na kazi. Nimekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, wapita njia wote wanione. Mke wangu Devotha akaniomba nikapalilie tangawizi. Tangawizi hiyo ndiyo ada ya watoto, najua. Lakini nikamweleza kwa upole kwamba mwenye jembe mkononi ana kazi, na Mfuko una macho. Picha moja tu, tumekwisha! Akauliza ni nani atakayepanda mlima wote huu kuja kunipiga picha mimi, Baba Fanueli, nikipalilia. Devotha hajui sheria.

Mchana sikupewa chakula. Eti sufuria nayo imepunguzwa kazini.

Alhamisi, 5 Juni

Alfajiri baragumu limelia. Msaragambo! Kila mwanamume mwenye nguvu akatoe tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Nyumba isiyotoa mtu inakosa zamu ya maji. Ndivyo ilivyo huku milimani tangu enzi za mababu.

Mwenyekiti wa ndiva ni shemeji yangu Loth, kaka yake Devotha, anayenionea wivu tangu nilipokabidhiwa funguo za stoo. Alipita na koleo begani. Nikamwambia kwamba kiserikali siruhusiwi kushika koleo. Hakubisha. Alitikisa kichwa, akaenda zake. Ushindi!

Ijumaa, 6 Juni

Zamu yetu ya maji kapewa jirani. Nimeyasikia yakipita mferejini asubuhi nzima.

Nikaenda kwa mtendaji wa kijiji, Bi. Agape, kuchukua barua. Kanikaribisha vizuri, kaniulizia watoto, kisha kasema asiyefika msaragambo hahudumiwi ofisini mpaka aifidie siku yake. Yaani ili nithibitishwe kwamba sina kazi, lazima kwanza nifanye kazi! Nilicheka peke yangu njia nzima. Halafu nikapita shambani. Majani ya tangawizi yameanza kunyong'onyea. Hapo niliona haya, nikageuza uso.

Jumamosi, 7 Juni

Nimepata jibu! Anold, jirani asiye na shamba wala mke, kaenda kuifidia siku yangu kwa malipo ya jogoo. Loth kampokea, kamshukuru, kisha akateremka moja kwa moja kwa Bi. Agape kusema kwamba shemeji yake sasa anaajiri watu. Bi. Agape kaniita. Kauliza ni mtu gani huyu asiye na kipato lakini ana kibarua. Siku haikuhesabiwa, na jogoo sina tena.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeingia topeni mwenyewe. Nilivaa koti la mvua la Devotha, lile lenye kofia, ili Mfuko usinitambue. Kila mtu akanisalimia kwa jina.

Nilivumilia hadi nilipoona makoleo yalivyotupwa ovyo ovyo! Ndoo huku, sururu kule, jembe la mtu limezama. Moyo wa mtunza stoo hauwezi. Nikapanga vifaa, nikagawa kwa zamu, nikamgombeza hata Loth. Kufika adhuhuri tope limekwisha. Wakanipigia makofi, wakanichagua mtunza vifaa wa ndiva! Nilifurahi mno, nikakubali, nikahutubia kidogo. Nilikuja kuukumbuka Mfuko wakati nanawa miguu.

Maji yetu yamerudi. Nimepewa ugali na maharage.

Jumatano, 11 Juni

Barua nimepata. Bi. Agape kathibitisha kwamba sina ajira. Halafu, kwa wema wake, kaongeza kuwa mimi ni mchapakazi wa kutegemewa na mtunza vifaa wa ndiva. Nilimsihi afute hapo. Kasema hawezi kuficha sifa za mwananchi wake.

Nimeipeleka Same hivyo hivyo. Husna kaisoma, kacheka mpaka wenzake wakageuka. Eti kutoa tope bwawani na wanakijiji wenzako hakujawahi kuwa ajira. Maombi yamepita! Kumbe ningeweza kupalilia tangu siku ya kwanza. Devotha hana haja ya kujua hilo.

Wakati wa kurudi, basi lilisimama kijiji cha Kisiwani. Amiri, mfanyabiashara wa mpunga, akanishika mkono dirishani. Habari za ndiva zimeshamfikia. Anatafuta mtunza stoo, aanze mara moja. Mshahara mzima, kila mwezi, na miezi sita ikiisha bado upo. Mshahara mzima! Mtego niliuona papo hapo. Nikamwambia kwa heshima kwamba nashukuru, lakini nina fao la kulinda. Nikampa jina la Anold.

Jumatatu, 16 Juni

Anold kaanza kazi leo. Kapita hapa alfajiri na shati jipya, kaja kunishukuru kwa mikono miwili. Devotha alimsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona, kisha akaniuliza Amiri wa Kisiwani alimjuaje Anold. Nikasema sijui, watu wanajuana.

Nimerudi kwenye kigoda changu. Namwonea huruma sana yule bwana. Na mshahara wake wote huo, maskini, hawezi kudai hata senti moja ya fao.