Tarikhi ya Pikapu Mbili na Kilima cha Mama Mkwe

Nyamazeni, enyi wenye masikio! Anayekoroga chai na aache kijiko, anayepiga pasi na aisimamishe wima isije ikaunguza shati la watu, kwa maana nataka kuwasimulia jambo zito lililotukia mtaani kwetu, jambo ambalo wafalme wa kale, pamoja na farasi wao na ngome zao, hawakupata kulikabili: uchaguzi baina ya pikapu inayovuta kwa magurudumu mawili na pikapu inayovuta kwa magurudumu manne. Mimi ninayeandika ni fundi cherehani. Kibanda changu kimepakana na karakana ya shujaa, na yote nitakayosema niliyaona kwa macho yangu, isipokuwa yale niliyoyasikia kupitia ukutani.

Shujaa mwenyewe ni fundi wa kuchomelea vyuma, Bwana wa Cheche, Mpinda-Nondo, Mwenye Miwani Myeusi, ambaye mageti yake yamesimama mbele ya nyumba zisizo na idadi, na mengine hata hufunga. Hakuwa mtu wa kutikisika ovyo. Ila alikuwa na pahali pake pa kuumia, napo palikuwa juu ya kilima, mwisho wa njia ya udongo, katika nyumba ya vyumba viwili alimokaa mama mkwe wake peke yake, yeye na goti lake bovu.

Lijueni sasa chimbuko la vita. Katika mvua za mwaka uliopita, siku ya kliniki, teksi ilikataa kupanda kilima, na mama mkwe hakuweza kushuka kwa miguu. Ndipo Bwana wa Cheche akatwaa mlango wa chuma aliokuwa ametoka kuuchomelea, tukamlaza mama juu yake, na wanaume wanne wa mtaa tukamteremsha, shujaa akituongoza, mbele ya macho ya mtaa mzima. Mimi nilishika pembe ya nne. Mama alijifunika uso kwa mtandio njia nzima, na tulipomfikisha chini akasema maneno ambayo hadi leo yamenikaa kifuani.

"Asanteni, wanangu. Lakini mimi si kabati. Sibebwi tena. Mvua ikinyesha, kliniki basi."

Na mama huyu, mbali na goti, ana presha. Kliniki si jambo la kuacha. Mvua nyingine zilipoanza kunukia, mke wa shujaa alilia jikoni, nikamsikia, na mashine yangu ikasimama yenyewe.

Basi shujaa akaapa kununua pikapu. Katika yadi ya magari akakuta mbili, za umri mmoja na weupe mmoja, zimesimama ubavu kwa ubavu kama ndugu waliogombana. Ya kwanza, ambayo katika tarikhi hii tutaiita Mawili, ilikuwa imekaa chini, mlango wake wa kuingilika, kiti chake laini. Ya pili, Manne, ilikuwa imeinuka juu ya magurudumu mapana, na mlango wake ulianzia pale ambapo mlango wa mwenzake ulikaribia kuishia. Dalali wa yadi, Mwenye Kalamu Tatu Mfukoni, akazisifu zote mbili kwa maneno yale yale.

Hapo majeshi mawili yakajipanga pande mbili za meza ya chakula.

"Mke wangu!" alinguruma shujaa, kijiko kikiwa juu. "Je, mimi niliyezikunja nondo kwa mikono hii, nitashindwa na tope? Katika Mawili, magurudumu mawili huvuta, na mengine mawili huburutwa kama wageni wasioinua hata kikombe! Nataka gari ambalo kila gurudumu linakula jasho lake!"

"Sawa, Baba," alijibu mkewe. "Kilima unakipanda mara moja kwa mwezi, mafuta utanunua kila siku. Halafu lile gari lako refu, mama atalipandaje? Na goti lile?"

"Atapanda!"

"Kwa mabawa?"

Shujaa akakishusha kijiko kwenye sahani. Kwa siku kumi na tisa vita hivyo vilipiganwa, asubuhi kwa hoja na jioni kwa kununiana, wala hakupatikana mshindi, kwa sababu wote wawili walikuwa na haki. Nami nyuma ya ukuta nilishona mkono wa kushoto upande wa kulia, kwa kusikiliza.

Usiku wa kuamkia siku ya ishirini mvua ikanyesha hadi kukucha, na kliniki ilikuwa keshokutwa. Alfajiri shujaa akaamuru jaribio. Dalali akaja na Mawili, shujaa akaendesha Manne, mkewe akaketi karibu naye, na mimi nikapanda nyuma, kwa kuwa historia haijiandiki.

Mawili ikatangulia. Ikakishambulia kilima kwa ushujaa wa kutosha mita thelathini, kisha magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure, yakirusha tope juu ya shati jeupe la dalali aliyekuwa ametoa kichwa dirishani aone kulikoni. Ikarudi kinyumenyume, polepole, kwa heshima zake zote, hadi chini.

"Umeona?" akasema shujaa kwa mkewe. Akavuta kile kirungu kidogo kilicho karibu na gia, kama dalali alivyomfundisha, akapaza sauti: "Sasa enyi manne, onyesheni asili yenu!"

Manne ikapanda mita thelathini. Ikakwama pale pale.

Mkewe akajifunga upya kilemba, polepole, na nijuavyo mimi, hilo ndilo jibu zito kuliko yote ya ndoa. Shujaa akamtazama dalali kule chini. Dalali akatazama kalamu zake.

Ndipo sauti ikashuka kutoka kibarazani juu, pale mama mkwe alipokuwa ameketi akituangalia tangu mwanzo.

"Mkwe! Umevifunga vile vizibo vya magurudumu ya mbele?"

"Vizibo gani, mama?"

"Pale katikati ya gurudumu! Shuka uvizungushe kwa mkono, vyote viwili! La sivyo magurudumu ya mbele hayavuti, unavuta kirungu cha bure!"

Maana mama huyu, kabla ya goti, alikuwa mpishi wa wajenzi wa barabara miaka kumi na miwili, na magari ya aina ile aliyajua kama sufuria zake. Bwana wa Cheche akashuka, akapiga magoti topeni, akazungusha kizibo cha kulia, akazunguka mbele, akazungusha cha kushoto. Akarudi usukani akiwa mwekundu kwa tope tangu magoti hadi viatu. Manne ikanguruma, ikajikaza, ikapanda bila haraka mpaka ubavuni mwa kibaraza, nami nyuma nikapiga vigelegele, jambo ambalo fundi cherehani wa umri wangu halifanyi kila siku.

Lakini mkewe alikuwa ameshashuka na kuufungua mlango. Mama mkwe akaja na mkongojo wake, akasimama mbele ya mlango ule. Akainua mguu mzima, akaukanyagisha hewani, akaurudisha chini. Sakafu ya gari ilikuwa juu ya goti lake, tena lile bovu.

"Mama, nitakuinua kidogo tu," akasema shujaa kwa upole.

"Nimeshasema. Sibebwi."

"Si kubeba, mama, ni kushika..."

"Mkwe."

Shujaa akairudisha mikono yake. Macho ya mkewe yakajaa machozi, wala hayakuwa ya ushindi, ingawa alikuwa ameshinda. Gari la kuingilika halipandi, na lililopanda haliingiliki. Mpinda-Nondo aliketi ukingoni mwa kibaraza, tope likimkaukia magotini, akashika kichwa.

Mama mkwe akamtazama kwa muda, kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

"Baba," akamwambia, "hivi wewe ni fundi wa nini?"

Shujaa akainua kichwa. Akautazama mlango wa gari, akaitazama ardhi, akapima nafasi ile kwa mikono. Kisha akacheka, akasimama, akampigia dalali kelele kuwa anaichukua Manne. Mkewe akafuta macho, akasema: "Haya. Ila mafuta tusije tukaulizana."

Mchana kutwa na siku iliyofuata karakana ilitoa cheche. Alitengeneza kipandio cha ngazi mbili chini ya mlango wa abiria na mshikio wa mkono karibu na kioo. Akakisugua kwa msasa, akakipaka rangi nyeusi, akakirukia mara ishirini na mbili kwa uzito wake wote. Chuma chenyewe nilikiona akikikata, nami nikakitambua, nikafunga mdomo.

Basi na iandikwe, na wenye wajukuu wawahadithie: siku ya kliniki, saa mbili na robo asubuhi, mvua ikinyesha, mama mkwe alibana mkongojo wake kwapani. Akashika mshikio. Akaweka mguu ngazi ya kwanza, akapumzika, akaweka ngazi ya pili, akaketi. Hakuguswa na mtu. Kisha akainama nje, akakitazama kipandio kile kwa makini.

"Hiki chuma nakijua," akasema.

"Ndiyo, mama," akajibu shujaa. "Ni ule mlango. Ulipinda siku ile, aliyeuagiza akaukataa."

Mama akakitazama tena. "Vizuri," akasema. "Leo nimeukanyaga." Akajifungia mlango mwenyewe, kwa kishindo, akashusha kioo.

Wakateremka kilima taratibu, naye akiwasalimia watu wa mtaa nyumba kwa nyumba, uso wazi, mtandio mabegani. Sisi wanaume wanne tuliosimama kando ya njia, tuliokuja mapema endapo tungehitajika, alitusalimia wa mwisho. Tulimpungia kwa mikono yote, maana siku hiyo hatukuwa na cha kubeba.