Yah: Kunyimwa Kugawa Kiwanja, na Madhara Yaliyotupata

Anande Sumari,
Olasiti,
Arusha.

Mwenyekiti,
Kamati ya Maombi ya Viwanja Pungufu.

Ndugu Mwenyekiti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi na mdogo wangu Reginald tuliachiwa na marehemu baba kiwanja kimoja chenye nyumba mbili zinazotazamana. Siku ya mazishi, mimi kama mtoto wa kwanza nilikuwa nimeandaa wasifu wa baba. Reginald, aliyesimamia ratiba, aliona muda umekwenda, akampa kipaza sauti mgeni mmoja mheshimiwa badala yangu. Mgeni akazungumzia barabara ya lami mpaka jeneza likashushwa. Tangu siku hiyo sikumsemesha mdogo wangu.

Tukakubaliana, kupitia wake zetu, tugawe kiwanja na kujenga ukuta katikati. Kamati yako ikakataa kwa sababu kila kipande kingekuwa chini ya kiwango cha makazi. Tukaomba tufikiriwe kwa namna ya pekee. Hamjajibu. Wakati mkitafakari, tumepatwa na haya:

1. Geti ni moja. Reginald akichelewa kurudi hupiga honi, na mwenye usingizi mwepesi ni mimi. Mwanzoni nilifungua bila salamu. Lakini masika yakaanza, na si utu kumfungulia mtu kwenye mvua ile ukakaa kimya kama nguzo. Nikamwambia pole. Akasema asante. Kutoka hapo mambo yakaharibika haraka, na sasa najua mpaka presha yake inavyosoma.

2. Tofali za ukuta tulishanunua. Mke wangu Agnela na mke wa Reginald, walipoona ukuta haujengwi, walizichukua wakajenga banda la kuku bila kutushirikisha. Kuku hawajui mpaka, wanataga popote. Kwa kuwa hakuna awezaye kuthibitisha yai ni la nani, yanakaangwa yote na tunakula meza moja.

3. Mama yetu alikuwa amehamia kwa dada, akiapa hatakanyaga uwanja wa watoto wasiosalimiana. Alipopata habari za mayai alirudi na magodoro yake. Amekalia kiti changu. Mimi ni mtu wa kukaribia kustaafu, Ndugu Mwenyekiti, na natumwa ndizi sokoni. Jumapili natakiwa kukaa kanisani bega kwa bega na Reginald, naye anaimba besi vibaya.

4. Hili ndilo zito. Kwa kuwa shimo la choo nalo ni moja, liliziba, tukalazimika kulizibua wawili. Yeye alishika kamba, mimi nikashuka na koleo. Nikiwa humo ndani, mahali ambapo mtu hawezi kuondoka, akasema, "Kaka, siku ya msiba nilikukosea. Baba alikuwa wa kusemewa na wewe."

Nilimjibu, "Shika kamba vizuri."

Nilipopanda juu nilikwenda moja kwa moja kunawa uso. Mama aliniuliza kwa nini macho ni mekundu, nikamwambia ni hewa ya shimo. Hasira ile nilikuwa nimeitunza vizuri na ingenifikisha uzeeni. Sasa sina hata ya kuanzia siku.

5. Jioni yake Mama aliniambia niulete ule wasifu. Niliusoma uwanjani mbele ya familia zote mbili, kurasa zote, na hakuna aliyenikatisha. Reginald ndiye aliyenishikia taa.

Ndugu Mwenyekiti, naelewa kiwango cha kiwanja kimewekwa kwa ajili ya hewa, mwanga na gari la zimamoto kupita. Sijaona mahali Kamati ilipopewa madaraka ya kupatanisha ndugu. Kazi hiyo ni ya wazee wa ukoo na kanisa, nao walishindwa kwa kufuata utaratibu. Ninyi mmefanikiwa bila kibali.

Kwa hiyo naomba mturuhusu tugawane haraka, kabla hali haijawa mbaya zaidi. Niko tayari kupokea kipande chembamba kiasi chochote, hata cha kulala ubavu.

Wasalimie wajumbe wote, karani wa masijala, na yule mpima wenu aliyeteleza kwenye tope letu. Mwambieni kwamba Mama anauliza kama goti limepona.

Wako mtiifu,
Anande Sumari

N.B. Nikiwa natafuta bahasha, Reginald amerudi kutoka ofisini kwenu na kuniambia kwamba kikao cha juzi kimekubali ombi letu. Nimeirudisha bahasha mezani, naye amevuta kiti. Kisha ameniomba nafasi hii ya chini tuandike pamoja: tunakata rufaa. Tafadhali tukatalieni tena, kwa maandishi, na herufi ziwe kubwa, maana Mama amesema barua hiyo ataisoma mwenyewe.